Saratani zinazokuzwa na homoni: mambo ya kuuliza hospitalini

*Haya ni mazungumzo ya muuguzi mmoja mbele ya wakulima wa mwani na wavuvi wa Kibuyuni, walipokuwa wakisubiri maji yapwe. Tumeyachapisha pamoja na baadhi ya maswali ya wakaazi, ili na wengine katika kaunti wafaidike.*

Vijana mliosimama kule nyuma, sogeeni, haya ni yenu pia.

Najua leo ni bamvua, na maji yakishapwa kila mtu atashuka kwenye kamba zake. Kwa hivyo sitawaweka sana.

Mkisikia mtu wa afya amekuja kuzungumza juu ya saratani, tayari mnajua atakachosema: jipimeni, msichelewe, acheni sigara. Hayo ni kweli na nitayagusa. Lakini leo nimekuja na jambo jingine, ambalo aghalabu linabaki kwenye chumba cha daktari na halifiki kijijini. Saratani ya matiti na saratani ya tezi dume, mara nyingi, hukuzwa na homoni za mwili wetu wenyewe. Mtu akilijua hilo, kuna maswali anayoweza kuuliza hospitalini, na majibu yake yanaweza kubadilisha matibabu yake yote.

Hizi si saratani za watu wa mbali. Kwa makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, mwaka 2020 Kenya ilipata wagonjwa wapya wa saratani wapatao 42,000. Kati yao karibu 6,800 walikuwa na saratani ya matiti, ambayo ndiyo iliyoongoza kuliko zote. Kwa wanaume iliyoongoza ni ya tezi dume, wagonjwa zaidi ya 3,400. Na hao ni watu wenye watoto, wenye kamba za mwani baharini, wenye vyombo vya kuvulia.

Homoni hubisha hodi

Mwili wa binadamu umejengwa kwa seli, vitu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Chukulia mwili ni kama kijiji, na kila seli ni nyumba.

Homoni ni ujumbe unaosafiri ndani ya damu. Mwanamke ana homoni iitwayo estrojeni, inayotengenezwa zaidi kwenye ovari, yaani vifuko vya mayai. Hiyo ndiyo inayomfanya msichana aote matiti na apate hedhi. Mwanamume ana testosteroni, inayotengenezwa zaidi kwenye korodani. Hiyo ndiyo inayomfanya mvulana avunje sauti na aote ndevu.

Sasa, ujumbe huu hupita kwenye damu mwili mzima, lakini si kila seli inausikia. Ni kama mgeni anayepita akibisha hodi kila mlango. Nyumba isiyo na mtu, atabisha na kuondoka. Nyumba yenye mtu, ataitikiwa karibu, na mambo yataanza kutendeka ndani. Kwenye seli, yule anayesikia hodi na kuitikia karibu anaitwa kipokezi. Kipokezi cha estrojeni kikikutana na estrojeni, seli ya titi hupata amri: kua, jigawe, mmoja awe wawili.

Mbali na homoni, kuna ujumbe mwingine unaoitwa vichochezi vya ukuaji. Homoni ni kama mgeni aliyetoka mbali. Vichochezi vya ukuaji mara nyingi ni jirani anayeita kutoka uani. Mwanasayansi wa Marekani, Stanley Cohen, aligundua kimojawapo kutoka kwenye tezi za mate za panya. Alipowadunga panya wachanga kitu hicho, macho yao yalifumbuka mapema kuliko kawaida, na meno yakaota mapema. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1986, pamoja na Rita Levi-Montalcini wa Italia. Tangu hapo wanasayansi wameelewa kwamba seli hukua kwa sababu zimeambiwa zikue, na kwamba ukiujua ujumbe, unaweza kuuzuia.

Saratani huanza pale ambapo maagizo ya ndani ya seli yanaharibika, ikawa haisikii tena amri ya kuacha. Lakini seli nyingi za saratani ya matiti hubaki na vipokezi vyake. Zinaendelea kusikia hodi ya estrojeni na kuitikia. Kila hodi ni chakula kwa ule uvimbe.

Kutoka kwa ng'ombe hadi kidonge

Mambo haya hayakugunduliwa kwa siku moja, na mwanzo wake utawapendeza wafugaji. Kulikuwa na daktari wa Glasgow, Uskoti, aitwaye George Beatson. Alikuwa akichunguza namna maziwa yanavyotoka, akajifunza kwamba katika nchi fulani wafugaji humtoa ng'ombe ovari baada ya kuzaa ili aendelee kukamuliwa kwa muda mrefu. Akajiuliza: kumbe ovari, zilizo mbali na titi, zina amri juu yake? Akawatoa ovari wanawake wachache waliokuwa na saratani ya matiti iliyokwisha kuenea. Mwaka 1896 alitangaza kwamba kwa baadhi yao uvimbe ulinywea.

Kwa baadhi yao, si wote. Kwa nini kwa huyu ulinywea na kwa yule haukunywea? Swali hilo lilikaa zaidi ya miaka 50 bila jibu. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Elwood Jensen huko Chicago alionyesha kwamba estrojeni haifanyi kazi mpaka ipate kipokezi cha kushikana nacho. Hapo ndipo ikaeleweka: wanawake ambao uvimbe wao ulinywea ni wale ambao seli za saratani zilikuwa na vipokezi. Wengine hawakuwa navyo, na kuwatoa ovari hakukuwasaidia.

Miaka hiyo ya 1960, kampuni moja ya Uingereza ilikuwa inatafuta dawa ya kuzuia mimba. Ikapata dawa ambayo haikufaa kabisa kwa kazi hiyo. Lakini dawa hiyo ilikuwa na tabia moja: inakwenda kwenye kipokezi cha estrojeni na kukaa pale pale, kama mtu aliyejaza kizingiti cha mlango. Estrojeni ikija, haipati pa kupita. Jina lake ni tamoksifeni. Marekani iliidhinisha itumike kutibu saratani ya matiti mwaka 1977, na leo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Ni kidonge cha kumeza nyumbani, mara moja kwa siku, kwa kawaida kwa miaka 5 na wakati mwingine hadi 10. Na katika dawa za saratani, ni miongoni mwa zile za bei nafuu.

Kwa mama aliyekoma hedhi kuna vidonge vingine, kama anastrozoli na letrozoli. Hivyo havikai mlangoni. Vinauzuia mwili kutengeneza estrojeni, yaani mgeni hafungi safari kabisa.

Kuna pia kipokezi kiitwacho HER2. Hiki ni cha upande wa vichochezi vya ukuaji. Katika baadhi ya saratani za matiti, seli hujiwekea vipokezi hivi kupita kiasi, mpaka nyumba inaitikia karibu hata pasipo mgeni. Saratani ya namna hiyo hukua mbio. Dawa yake, trastuzumabu, iliidhinishwa Marekani mwaka 1998. Hiyo haimezwi, hutolewa hospitalini.

Na kuna saratani ya matiti ambayo haina hata kimoja kati ya vipokezi hivi vitatu tunavyopima: cha estrojeni, cha projesteroni na HER2. Kwa mgonjwa huyo, tamoksifeni haitamsaidia. Atahitaji tiba nyingine, hasa dawa za kemo.

Kwa hivyo mama wawili wanaweza kutoka hapa Kibuyuni, wote wana uvimbe kwenye titi, na kila mmoja akapewa dawa tofauti. Mmoja asimwambie mwenzake, "Mimi nilipewa vidonge, wewe mbona wanakudunga?" Tofauti iko kwenye vipokezi.

Kinyama ni kama samaki

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta.

Vipokezi hujulikana vipi? Daktari hutoa kinyama kidogo kwenye uvimbe. Kinyama hicho hupelekwa maabara, na daktari wa patholojia hukiangalia kwa hadubini na kukitia dawa zinazoonyesha kama kuna vipokezi.

Kwa miaka mingi iliaminika kwamba wanawake wa Kiafrika, wengi wao, saratani zao hazina vipokezi. Maana yake ni kwamba vidonge visingewasaidia. Mwaka 2014, Dkt. Shahin Sayed wa Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, pamoja na wenzake, walichapisha utafiti wao wa sampuli za wanawake kutoka hospitali mbalimbali za Kenya. Walihakikisha sampuli zinahifadhiwa vizuri na kupimwa vizuri. Walichokuta ni kwamba karibu wanawake 7 kati ya kila 10 walikuwa na vipokezi vya estrojeni. Wasiokuwa na kipokezi chochote kati ya vile vitatu walikuwa karibu 2 kati ya 10.

Mmesikia? Saba kati ya kumi. Wengi wa wanawake wetu wana saratani ambayo kidonge kinaweza kuisaidia.

Basi kwa nini zamani majibu mengi yalisema hawana? Tofauti za watu zipo, lakini sababu moja kubwa ni namna kinyama kinavyotunzwa. Nyinyi hamhitaji kufundishwa hili. Mvuvi akikaa na samaki juani bila barafu, akifika Shimoni jioni ile haiuziki. Mwani ukiuvuna ukaurundika bila kuuanika kwenye chanja, unaharibika. Kinyama cha mgonjwa ni vivyo hivyo. Kikishatolewa mwilini, vipokezi huanza kuharibika. Kinatakiwa kitiwe ndani ya dawa iitwayo formalini, ndani ya saa moja, na kikae humo si chini ya saa 6 na si zaidi ya saa 72 kabla ya kushughulikiwa. Kikicheleweshwa, maabara inaweza kukipima na kuandika "hakuna vipokezi", kumbe vilikuwepo na vikapotelea njiani.

Nitawapa mfano wa nyumbani kwetu. Shangazi yangu alipata uvimbe. Akatolewa kinyama katika hospitali moja siku ya Ijumaa. Gari la kupeleka maabara halikuwepo, na kinyama kile kilikaa mpaka Jumatatu kwenye kichupa chenye maji ya chumvi tu. Majibu yakaja: hana vipokezi. Shangazi akaambiwa tiba yake ni kemo peke yake. Alianza, na ilimtesa. Alipohamia kliniki nyingine, daktari aliyesoma faili lake aliuliza swali moja tu: "Hiki kinyama kiliwekwa kwenye nini?" Hakuna aliyejua. Akamtoa kinyama kingine, safari hii kikatunzwa sawasawa. Majibu yakaja na vipokezi vya estrojeni tele.

Alianzishiwa vidonge. Mpaka leo anavimeza kila jioni baada ya Isha. Mimi ni muuguzi, na siku ile ya Ijumaa nilikuwa nimeketi naye pale benchi. Sikuuliza. Sikujua kwamba ndilo swali la kuuliza. Ndiyo maana nimekuja kuwauliza nyinyi mlijue kabla yangu.

Na wazee wetu je?

Wazee, msiondoke, zamu yenu imefika.

Tezi dume iko chini ya kibofu cha mkojo, na njia ya mkojo inapita katikati yake. Inaishi kwa amri ya testosteroni. Mwaka 1941, Charles Huggins na mwenzake Clarence Hodges, huko Chicago, walionyesha kwamba ukiipunguza testosteroni, saratani ya tezi dume iliyoenea hunywea na maumivu ya mifupa hupungua. Huggins alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Karibu saratani zote za tezi dume, mwanzoni, hutegemea homoni hiyo.

Kwa hivyo mwanamume hahitaji kipimo cha vipokezi kama mwanamke. Anachohitaji ni kufika mapema. Saratani ikiwa bado ndani ya tezi, kuna upasuaji, kuna mionzi, na kwa wengine ile inayokwenda polepole daktari huifuatilia tu kwa vipimo. Ikishatoka na kuenea, ndipo tunapopunguza homoni. Kuna sindano inayodungwa kila mwezi au kila miezi 3, na kuna upasuaji mdogo wa korodani unaofanywa mara moja tu. Njia zote mbili hufikia lengo lile lile.

Baadaye, baadhi ya saratani hizi hujifunza ujanja. Huanza kujitengenezea homoni kidogo kidogo, au kipokezi chake hubadilika kikawa kinaitikia hata mnong'ono. Kwa hiyo kuna dawa mpya zaidi, kama abirateroni na enzalutamidi. Mgonjwa akiambiwa dawa ya kwanza imeacha kufanya kazi, asidhani mambo yamekwisha. Aulize inayofuata ni ipi.

Tatizo letu hapa ni aibu. Sisi watu wa pwani tunayajua mabusha. Kwale ni mojawapo ya kaunti zenye ugonjwa wa matende na mabusha, na tumemeza dawa za kampeni miaka mingi. Lakini mzee akipata shida yoyote ya huko chini hunyamaza, au husema, "Ni busha hilo, ni uzee." Busha ni maji kwenye mfuko wa korodani, unauona kwa nje. Tezi dume iko ndani, huioni. Mkojo ukitoka kwa kukatika, ukiamka mara nyingi usiku, ukiona damu, au kiuno kikiuma bila kuacha, nenda ukapimwe. Mara nyingi itakuwa ni tezi iliyovimba tu, si saratani, na hilo nalo lina tiba. Lakini saratani ya mwanzo mara nyingi haina dalili. Kwa hivyo mwanamume aliyefika miaka 40, hasa kama baba au ndugu yake amewahi kuugua, azungumze na mhudumu wa afya kuhusu kipimo cha damu kiitwacho PSA. Kipimo hicho kikipanda hakimaanishi moja kwa moja ni saratani. Kinamaanisha tuchunguze zaidi.

Maswali ya kubeba

Mama, ukiona uvimbe hata kama hauumi, na mara nyingi hauumi, au ngozi ya titi imebonyea kama ganda la chungwa, au chuchu imeingia ndani au inatoa damu, usisubiri msimu wa mwani uishe. Anzia zahanati iliyo karibu nawe, au mwambie mhamasishaji wa afya wa kijiji chako. Atakuelekeza hospitali ya rufaa ya kaunti pale Msambweni, na ikihitajika utapelekwa Hospitali Kuu ya Pwani, Mombasa.

Ukitolewa kinyama, uliza haya, kwa heshima na bila woga:

1. Kinyama changu kimetiwa kwenye formalini, na saa ngapi?
2. Je, kitapimwa vipokezi vya estrojeni, projesteroni na HER2?
3. Majibu yakitoka, naomba nakala yangu.
4. Kwa majibu haya, dawa yangu ni ipi na nitaitumia kwa muda gani?

Nakala ile iweke pamoja na kitambulisho na hati za shamba. Ukibadilisha hospitali, itakuokoa kuanza upya.

La mwisho kabla ya maswali. Aliyepewa vidonge vya homoni asiviache kwa sababu amejisikia mzima. Vinaleta joto la ghafla, vinaweza kuleta maumivu ya viungo, na kwa wachache huleta damu kuganda mguuni au tatizo la mji wa mimba. Ukiona mguu umevimba upande mmoja, kifua kikibana, au damu ikitoka baada ya hedhi kukoma, rudi hospitalini haraka. Joto likikusumbua, rudi tuzungumze. Usikae nyumbani ukaacha kimya kimya.

Maswali ya wakaazi

*Mama mmoja: Dada muuguzi, sindano ya kupanga uzazi ina homoni. Je, ndiyo inayotuletea saratani ya matiti?*

Swali zuri, mama. Tafiti zinaonyesha kwamba njia za uzazi wa mpango zenye homoni huongeza hatari kidogo wakati mtu anazitumia, na hatari hiyo hupungua baada ya kuacha. Kwa mwanamke kijana nyongeza hiyo ni ndogo sana, na mimba zinazofuatana bila mpango zina hatari zake. Lakini aliyewahi kuugua saratani ya matiti asitumie njia zenye homoni. Kuna njia zisizo na homoni, kama koili ya shaba. Mwambie muuguzi historia ya familia yako, mchague pamoja. Na kunyonyesha kunapunguza hatari, kwa hivyo mnaonyonyesha hongereni.

*Mzee mmoja: Mwanangu, huo upasuaji wa korodani. Mtu akishafanyiwa hivyo, bado ni mwanamume?*

Mzee wangu, nakushukuru kwa kuuliza mbele ya watu. Wengi wanalo swali hili na wanakwenda nalo kaburini. Nguvu za ndoa hupungua, siwezi kukuficha, na hali ni hiyo hiyo hata kwa sindano, kwa sababu zote zinaondoa homoni ile ile. Mtu anaweza kupata joto, kunenepa, na mifupa kudhoofika. Lakini sauti yako haibadiliki ikawa ya mwanamke, ndevu zako hazikimbii, na heshima yako haimo mle. Daktari anaweza kutoa sehemu ya ndani inayotengeneza homoni akaacha kifuko. Nenda na mkeo mkasikilize pamoja. Uamuzi ni wako.

*Kijana mmoja: Tunasikia mwani unatibu saratani. Sisi tunao hapa. Ni kweli?*

Natamani ingekuwa kweli, Kibuyuni ingekuwa tajiri. Mwani ni chakula, mnatengeneza sabuni na vingine vizuri. Watafiti wanachunguza vitu vingi vya baharini. Lakini hakuna ushahidi kwamba kula mwani kunatibu saratani ya mtu. Kuleni, uzeni, lakini msiache dawa kwa ajili yake.

*Mama mmoja: Na mtu akienda kwa mganga kwanza?*

Sitamkataza mtu kuombewa wala kusomewa dua. Ninachoomba ni msiupake uvimbe dawa za kuchoma, wala msiukate nyumbani. Na dawa za miti shamba mwambie daktari, kwa sababu nyingine zinagongana na vidonge. Hasara kubwa ya kwa mganga ni muda. Uvimbe uliokuwa kama punje ya korosho leo, baada ya mwaka si punje tena.

*Mama mwingine: Pesa je? Hiyo dawa ya HER2 tunasikia ni ghali mno.*

Ilikuwa ghali mno, ni kweli. Mwaka 2025 Wizara ya Afya ilitangaza makubaliano na kampuni ya Roche ili gharama ya dawa hiyo ipungue na ilipwe kupitia SHA. Kwa hivyo la kwanza ni kujisajili SHA sasa, kabla ya ugonjwa, na kulipa mchango. La pili, mgonjwa akiandikiwa dawa hiyo, aulize ofisi ya SHA ya hospitali ni vituo gani vinavyoitoa. Lakini dawa hiyo hupewa aliyepimwa akakutwa na HER2 tu. Tumerudi pale pale: kipimo kwanza.

Naona maji yameanza kupwa na wengine mmeshafunga leso kiunoni. Nendeni mkafanye kazi. Mkiwa kwenye kamba, ongeeni haya. Mama amwambie mwenzake, na mke amwambie mumewe. Na wewe uliyekuwa na jambo ukaona haya kuliuliza mbele ya watu, nitakuwa hapa kwenye kivuli cha mwembe mpaka alasiri.

Mwenyezi Mungu awape afya.